Bosi kwenye mieleka ya televisheni: awepo, au abaki ofisini?

Mleta mada

Wakuu, leo tuache kidogo habari za nani ana mkanda na nani kapokonywa. Swali langu ni hili: waandishi wa mieleka waendelee kutuundia wahusika wenye mamlaka, yaani bosi, kamishna, meneja mkuu, au wawaondoe tubaki na wapiganaji na refa?

Msimamo wangu nautoa mapema. Bosi awepo, kwa sharti moja: apigwe. Apigwe mbele ya watu, na mpigaji awe yule yule aliyeonewa naye. Bosi ambaye waandishi wanaogopa kumdhalilisha heri abaki ofisini asaini mikataba.

Mtazameni Vince McMahon, aliyekuwa mwenye WWE (wakati huo WWF), kampuni ya mieleka ya Marekani. Kwa miaka mingi kwenye runinga alikuwa mtangazaji tu, na watazamaji wengi hawakujua kuwa kampuni ni yake. Rais wa kwenye skrini alikuwa Jack Tunney, promota wa Toronto, mzee wa suti anayetokea mara chache, anasoma uamuzi, anaondoka. Ikaja Novemba 9, 1997, Montreal. Bret Hart kabanwa na Shawn Michaels, hajasalimu amri, Vince yuko kando ya ulingo anaamuru kengele ipigwe. Mkanda ukamtoka Hart namna hiyo, kinyume na matokeo waliyokubaliana naye. Hasira ya watu ilikuwa ya kweli kwa sababu dhuluma ilikuwa ya kweli, na Vince badala ya kujificha akaigeuza hasira ile kuwa kazi. Ndipo alipopatikana Mr. McMahon.

Lakini wengi tunaishia hapo kwenye ubaya wake, tunasahau alivyoulipia. Kabla hata ya Montreal, Septemba 22 mwaka huo huo, mpiganaji Steve Austin alikuwa ameshamlaza kwa Stunner, pigo lake maarufu, pale Madison Square Garden. Oktoba 1998 kafuatwa kitandani hospitali, kapigwa kichwani na bakuli la haja. Mwezi huo huo kaelekezewa bastola ya mchezo katikati ya ulingo, akajikojolea. Machi 1999 Austin kaingia na lori la bia, kamrushia bomba yeye, mwanawe na The Rock kwa pamoja. Huyu ni tajiri mwenye kampuni, jamani, anagaagaa kwenye bia!

Ndiyo maana iliuza. Aprili 13, 1998, usiku ambao Austin na McMahon walitangaziwa kupigana, Raw, kipindi cha Vince, iliishinda Nitro ya kampuni pinzani ya WCW kwa watazamaji baada ya kushindwa wiki 83 mfululizo. Na pambano lenyewe wala halikufika mwisho, Dude Love aliingilia.

Sasa twende kwa The Authority, kundi la mabosi la Triple H na mkewe Stephanie, bintiye Vince, kuanzia onyesho la SummerSlam la Agosti 2013. Novemba 2014 timu yao ikafungwa kwenye onyesho la Survivor Series, Sting, nyota wa iliyokuwa WCW, akatokea kwa mara ya kwanza WWE, sharti likasema mamlaka yao yamekwisha. Tukashangilia. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamerudi kazini. Hapo mimi nikajua kwamba tunachezewa.

Kiti cha Chuma

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka mtu. Bosi mbaya wa zama zile hakuanza na Vince. Eric Bischoff ndiye aliyekuwa anaiendesha WCW kweli, na Novemba 1996 kwenye runinga akajulikana kuwa yuko nWo, kundi la wapiganaji waovu, mwaka mzima kabla ya Montreal. Mheshimuni.

Na huyo naye alipigwa. Starrcade, onyesho kubwa la WCW, Desemba 1997, alishindwa na Larry Zbyszko, na kilichogombewa kilikuwa nani aidhibiti Nitro. Je, kuliisaidia WCW? Usiku ule ule pambano kubwa la Sting na Hogan likaharibika. Refa alitakiwa amhesabie Sting haraka ili ionekane kaonewa, akahesabu kwa mwendo wa kawaida kabisa. Halafu Bret Hart, mwezi mmoja na nusu tu tangu atoke Montreal, akaingia kudai kwamba hataruhusu dhuluma kama ile itokee tena. Dhuluma ipi? Watu waliona kwa macho yao Sting kalala sekunde tatu. Machi 2001 WCW ikauzwa kwa Vince.

Kwa hiyo bosi kupigwa peke yake haitoshi, mkuu. Watu wanataka pia kuiona dhuluma yenyewe bila kusimuliwa.

Mama Refa

Mimi nipo upande wa kumtetea The Authority, mnisamehe wazee wa Austin.

Daniel Bryan bila Triple H asingefika alipofika. SummerSlam 2013 Bryan kamshinda John Cena kihalali, Triple H aliyekuwa refa kamgeuka, Randy Orton kaja kuokota mkanda. Wakamwambia ni mchezaji wa daraja la B, kwamba hana sura ya kampuni, kila uamuzi wakausema ni kwa manufaa ya biashara. Maneno ya ofisini kabisa. Aliyewahi kunyimwa cheo akapewa mtoto wa shangazi ya meneja aliyaelewa bila tafsiri. Miezi minane baadaye, kwenye WrestleMania, onyesho kuu la mwaka la WWE, New Orleans, Aprili 6, 2014, Bryan kamshinda Triple H mwanzoni mwa usiku, kisha kawashinda Orton na Batista mwishoni. Hapo bosi hakupigwa?

Shida ilikuja baadaye, nakubali. Shingo ya Bryan ikamwangusha, mkanda akanyang'anywa Juni, na kundi likabaki madarakani halina wa kuwaondoa. Na kuna jambo ambalo wanaume humu hamlitaji. Stephanie alikuwa anawazaba makofi wanaume kila wiki, nao hawaruhusiwi kujibu. Mwandishi anamfanya mwanamke awe adui asiyeguswa, halafu anashangaa watu wanamchukia kwa namna isiyouza tiketi. Mpaka WrestleMania ya 2018 Ronda Rousey alipomkunja mkono akasalimu amri ndipo nilipoona malipo. Miaka mitano, ndugu zangu.

Kona Nyekundu

Nyote mnabishana juu ya bosi mbaya. Kwani lazima awe mbaya?

William Regal pale NXT, kipindi cha WWE cha kukuza wapiganaji wapya, kuanzia 2014 alikuwa meneja mkuu wa haki. Haonekani usiku mzima. Anatokea mara moja, pengine kwa dakika moja: wanaopigana nyuma ya jukwaa anawatenganisha, anawapa pambano, basi. Alipotamka WarGames, pambano la timu ndani ya kizimba, ukumbi ulipiga kelele kuliko kwa mpiganaji. Hiyo ndiyo heshima ya mtu asiyelizoesha neno lake. Siku hizi WWE imewaweka Adam Pearce Raw na Nick Aldis SmackDown, wote tangu Oktoba 2023, na wote wawili waliwahi kuwa mabingwa wa NWA, chama cha mieleka cha tangu zamani. Ukiwaona wana sauti ya mtu aliyewahi kupigana. Hawagombei maiki na steringi.

Kazi ya meneja ni kutuambia kwa nini fulani anapigana na fulani. Bila yeye tunaona watu wawili wanatoka tu. Hata Teddy Long, tunayemcheka kwa kuwa kila ugomvi aliugeuza pambano la wawili kwa wawili, alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo.

Kiti cha Chuma

Kona Nyekundu, usiwasahau waliofanya kazi hiyo kwa aibu. Mwaka 2010 Raw iliendeshwa na kompyuta mpakato. Sitanii. Meneja mkuu asiyejulikana, anatuma barua pepe, kompyuta inalia, mtangazaji Michael Cole anapanda jukwaani kuisoma, ukumbi unazomea. Zaidi ya mwaka mzima. Jibu likaja Julai 2012: alikuwa Hornswoggle, yule mpiganaji kibeti wa vichekesho, chini ya ulingo. Mtu aliyesubiri jibu hilo anadai fidia mpaka leo.

Mtu wa Lubumbashi

Wandugu, salamu toka Kongo. Kwetu kuna kach ya dawa, yaani mieleka ya uganga, kule Kinshasa ndiyo maarufu zaidi. Hakuna meneja wala kamishna wa kujigamba na maiki. Mwenye mamlaka pale ni mwenye dawa. Analoga mpinzani, mtu anaanguka bila kuguswa, na refa mwenyewe anaweza kulogwa akashindwa kuhesabu. Watu wanaelewa dhuluma imetoka wapi, na wanajua kuwa siku nyingine atakuja mwenye dawa kali zaidi. Wale Wamarekani walimtafuta mtu wa suti kwa sababu kwao nguvu inayotisha ni kufukuzwa kazi. Kila mahali na hofu yake.

Kona Nyekundu

Hii ya Kongo imenifurahisha kuliko uzi wote.

Mnaodai mieleka haiwezekani bila bosi, tazameni Japani. New Japan, kampuni kubwa ya mieleka ya kule, hawana meneja mbaya kwenye stori. Wana mashindano ya G1, tangu 1991, na kwa miaka mingi mshindi wake amepata nafasi ya kugombea mkanda mkuu Tokyo Dome Januari 4. Ratiba yenyewe ndiyo mamlaka. Naona kama najipinga mwenyewe, lakini nasema meneja ana faida mahali ambapo hakuna ratiba ya namna hiyo.

Mama Refa

Kuna la mwisho ambalo naona hatuligusi, labda kwa adabu. Januari 2024 Vince alijiuzulu TKO, kampuni mama ya WWE, baada ya aliyekuwa mfanyakazi wake kumshtaki kwa unyanyasaji wa kingono. Yeye anakanusha. Mimi kesi siihukumu. Ila miaka zaidi ya ishirini tulimshangilia mhusika anayewafukuza watu kwa kelele, anayewadhalilisha wafanyakazi, tukisema ni maigizo. Nikirudia vipande vile vya video sasa, vingine sivicheki. Mwandishi anayemuumba bosi kwa kumtumia bosi wa kweli anatufanya tusijue pale igizo linapoishia. Kwa hiyo sharti langu mimi ni hili: mwenye mamlaka kwenye skrini asiwe mwenye mamlaka ofisini. Pearce na Aldis watoshe.

Mleta mada

Kiti cha Chuma, Bischoff namkubali, tena Starrcade inanipa nguvu. Malipo yalitakiwa yaende kwa Sting, yakavurugwa. Zbyszko alikuwa mtangazaji, hakuwa steringi wa ile stori.

Mama Refa, hoja yako ya mwisho ni nzito na inanibana, kwa sababu McMahon alifanya kazi ile kwa kuwa alikuwa bosi kweli. Mwigizaji wa kuajiriwa angemwagiwa bia, tungecheka tu. Mwenye mali akimwagiwa, mfanyakazi aliyeko kwenye kochi anahisi kapumua. Ukimwondoa bosi wa kweli umeondoa hatari uliyoitaja, umeondoa na utamu. Mimi bado niko upande wa utamu, ila naona gharama.

Na mfano wa karibuni uko pale pale. The Rock aliingia bodi ya TKO Januari 2024, akaanza kujiita Final Boss. Aprili, kwenye WrestleMania ya Philadelphia, akamlaza Cody Rhodes katika pambano la wawili kwa wawili. Kesho yake Cody akachukua mkanda kwa Roman Reigns, na The Rock akaangushwa na Undertaker. Kaangushwa na mstaafu, Cody hakumgusa kwa malipo. Machi 2025, Toronto, akarudi kuitaka roho ya Cody, yaani amtumikie, akamgeuza John Cena kuwa adui, wakampiga Cody pamoja. Ikafika WrestleMania ya Las Vegas, Cody akapoteza mkanda kwa Cena, na The Rock hakuonekana kabisa.

Kiti cha Chuma

Kwa sharti lako basi The Rock anadaiwa.

Mleta mada

Anadaiwa mara mbili. Na ni mjumbe wa bodi. Mwandishi gani atamwendea na karatasi inayosema wiki hii unalala chini?