Oksitosini na mshono wa upasuaji wa uzazi: sindano hii inaharakisha kupona kweli? (Tanga)

BintiMakorora

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa wakunga, wafamasia na wauguzi.

Dada yangu kajifungua kwa upasuaji, yuko wiki ya pili, tunamuuguza nyumbani hapa Tanga mjini. Mtoto ananyonya vizuri. Shida ni mshono: upande wa kulia pameachia kama upana wa kucha ya kidole gumba na panatoa majimaji. Homa hana. Jirani kaleta vichupa vitano vya oksitosini vilivyokuwa kabatini kwake. Anasema ni homoni inayoponyesha vidonda, achomwe kimoja kila siku au kimwagiwe juu ya mshono. Shangazi naye anamkanda maji ya moto tumboni asubuhi na jioni, kisha anamfunga mkaja. Tufanye lipi, tuache lipi?

Mkunga_Chumbageni

Hongera ya mtoto, na pole kwa mgonjwa. Asichomwe, na kisimwagwe. Nieleze kwa nini, maana jirani hajatunga jambo kutoka hewani. Amechanganya vidonda viwili.

Kondo la nyuma likitoka huacha kidonda ndani ya kizazi, upana wake unakaribia kiganja. Mimba ikikomaa, kizazi hupitisha damu kati ya mililita 500 na 700 kila dakika, kwa hiyo mishipa iliyokuwa ikilisha kondo ikibaki wazi, mama anamalizika haraka mno. Mishipa hiyo inapita katikati ya nyuzi za misuli zilizopishana. Oksitosini huzikaza nyuzi, nazo huibana mishipa kama mkono unavyokamua kitambaa. Ndiyo sababu aliyejifungua kawaida huchomwa yuniti 10 kwenye msuli wa paja ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na aliyepasuliwa hupewa kwa mshipa, polepole. Kidonda hicho cha ndani hukamilika kupona kwa kama wiki sita.

Mshono wa tumboni hauna misuli ya kujibana namna hiyo. Tena kwenye wiki ya pili kizazi kimesharudi chini ya mfupa wa kinena, na vipokezi vya homoni hii (sehemu inaposhika ili ifanye kazi), vilivyokuwa vingi siku ya uchungu, vimepungua sana. Sindano haina pa kufanyia kazi.

Na jambo moja nalisisitiza: visitunzwe kwa ajili ya uzazi ujao. Oksitosini ikipewa kwenye uchungu bila mtu wa kuhesabu mikazo, kizazi hukaza zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi, mtoto anakosa hewa, na mwenye kovu la upasuaji kizazi kinaweza kuchanika. Dawa ileile inayookoa dakika moja baada ya kuzaa inaweza kuua saa moja kabla.

Mfamasia_Raskazone

Naongezea upande wa dawa yenyewe. Oksitosini hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kabati la Tanga mwezi wa pili au wa tatu linapita nyuzi 30. Kichupa hakibadiliki rangi wala harufu, lakini nguvu inapungua siku hadi siku, na hakuna njia ya kuipima nyumbani. Hata kingekuwa kizima, homoni hii ikiingia kwenye damu nusu yake huondoka ndani ya dakika chache tu. Kidonda kinahitaji wiki.

Kumwaga juu ya mshono ni kosa pia. Maji yale yametiwa asidi kidogo ili dawa isiharibike, na baadhi ya aina zina kihifadhi. Nyama changa haihitaji vitu hivyo. Kumeza hakusaidii, kwa kuwa ni mnyororo mdogo wa asidi amino tisa, tumbo linaumeng'enya kama linavyomeng'enya yai.

Madhara yake yapo. Ikisukumwa haraka kwenye mshipa, presha hushuka ghafla na moyo hukimbia. Ikitumika nyingi pamoja na maji mengi, mwili huyazuia maji, chumvi ya damu inashuka, mtu anaweza kuingia degedege. Hiyo ni kwa sababu umbo lake linafanana mno na homoni ya kuzuia mkojo, zinatofautiana kwa asidi amino mbili tu.

Angalia pia lebo. Mkoa wetu una ng'ombe wa maziwa wengi, na oksitosini ya mifugo huzunguka mitaani. Kama kichupa kina picha ya mnyama au kina mililita nyingi, basi hakikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Vyote vitano vipeleke kwenye famasi au kituo cha afya vikateketezwe.

Mtafiti_wa_Pangani

Maelezo ya hapo juu yamekaa sawa. Niongeze kuhusu utafiti, kwa kuwa uvumi wa "homoni ya kuponyesha" una chanzo cha kweli.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliona hamsta (panya wadogo wa kufugwa) waliofungiwa peke yao wanapona vidonda polepole kuliko waliokaa na wenzao. Walipowapa wapweke oksitosini, hali ikawa nafuu. Walipoizuia kwa wale wenye wenza, uponaji ukachelewa. Mwaka 2005 chuo hichohicho, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanandoa 42, wakawawekea malengelenge madogo ya ngozi mkononi. Wenye ugomvi mkubwa walipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wale wenye maelewano. Utafiti uliofuata, wa 2010, ulikuta waliokuwa na oksitosini nyingi zaidi kwenye damu wanapona upesi zaidi. Mwaka 2014 timu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilionyesha panya wazee waliochomwa homoni hii chini ya ngozi wanajenga upya misuli iliyoumizwa vizuri kuliko wasiochomwa.

Njia inayoelezwa ni kwamba mtu mwenye hofu au ugomvi hutoa kotisoli (homoni ya msongo) nyingi, nayo huzubaisha chembe za kinga zinazotakiwa kusafisha kidonda siku za mwanzo. Oksitosini huituliza hali hiyo. Lakini hao wanandoa hawakuchomwa kitu. Ni homoni ya miili yao wenyewe, inayotoka kwenye ubongo kwa vipindi vifupi. Kutoka panya mzee hadi mshono wa mzazi wa Makorora ni mbali, na hakuna mwongozo wa tiba unaoitaja kama dawa ya kidonda cha ngozi.

Mnyonyeshaji anaitoa kila mtoto anaponyonya. Anachotakiwa kupewa dada ni usingizi, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na nyumba isiyo na kelele.

Muuguzi_Vidonda

Tuje kwenye mshono, hapo ndipo pa kutolea jasho.

Ulioachia na kutoa majimaji wiki ya pili lazima uonwe na daktari, kesho asubuhi, hata bila homa. Atatazama kama tabaka la ndani, lile gumu linaloshika ukuta wa tumbo, limeshika au nalo limeachia. Msichokonoe nyumbani. Usaha, harufu, wekundu unaotambaa au homa ya nyuzi 38, nendeni usiku huohuo. Majimaji mepesi mekundu yakitoka ghafla kwa wingi ni dalili tabaka la ndani linafumuka: mlaze chali magoti yamekunjwa, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi, msirudishe kitu ndani, mkimbizeni hospitali ya mkoa, Bombo.

Maji ya chumvi: lita moja ya maji, vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, chemsha dakika 20 sufuria imefunikwa, acha ipoe ikiwa imefunikwa hivyo hivyo. Yakipita saa 24 mwaga. Nawa mikono kwa sabuni. Gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) ikigandia, iloweshe kwanza, usiivute. Futa kuanzia upande uliofunga kuelekea ulioachia, gozi moja kwa mfuto mmoja. Kausha kwa kugusa, funika kwa gozi kavu. Badilisha mara moja kwa siku, na kila ikilowa. Spiriti, dawa ya povu, unga wa kapsuli, majivu, vyote hapana.

Kukandwa tumboni kusimame leo. Maji ya moto yanalainisha ngozi changa hadi ioze, na mzazi aliyepasuliwa anakuwa na ganzi kuzunguka mshono, anaweza kuungua asijue. Kwenye wiki ya tatu ngozi ina kama asilimia 20 tu ya nguvu yake ya zamani. Mwambieni shangazi kwa heshima aukande mgongo, mabega na miguu. Mikono yake ina faida kubwa, ihamie tu mahali pengine. Mkaja usubiri neno la daktari. Akiruhusu, uwe mkavu na msafi, usijikunje kuwa kamba juu ya mshono.

Maumivu yasiachwe, yanamnyima usingizi na maziwa: parasetamo miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa siku. Chakula kiwe na mayai, samaki, dagaa, maharage, na machungwa ya Muheza yapo tele.

BintiMakorora

Nashukuru sana, vichupa nimeshavitenga. Shangazi kakubali bila ubishi. Swali jingine: mtoto akinyonya, dada anapata maumivu ya chini ya kitovu. Ni mshono?

Mkunga_Chumbageni

Kama yanakuja dakika chache baada ya mtoto kushika titi na kuachia baadaye, hicho ni chango: oksitosini yake mwenyewe inakikaza kizazi. Wiki ya pili yanatakiwa yawe yanafifia. Yakizidi, au damu ya uzazi ikinuka, waambieni kesho hiyohiyo. Akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, hata usiku, msisubiri. Anyonyeshe amelala ubavu, au miguu ya mtoto ipite chini ya kwapa, isipige mshono.

Mkifika, ombeni wampime sukari na wingi wa damu. Sukari ikiwa juu au damu ikiwa pungufu, mshono huchelewa kupona, na vyote viwili vinapimwa kwa tone la damu. Bebeni kadi ya upasuaji na gozi ya mwisho mliyotoa, kwenye mfuko safi, daktari aone rangi ya majimaji. Tabaka la ndani likikutwa limeshika, rudi hapa nikuelekeze namna ya kuweka gozi ndani ya tundu bila kuikaza.