Splaini ya kupita kwenye nukta, ya vidhibiti, au matao: ipi inafaa mstari wa ukingo wa boti?

Mchora_Boti
Wakuu, habari za kazi. Kuna boti ya faiba ya mita 6 inachorwa upya kwenye AutoCAD kutokana na vipimo vilivyochukuliwa kwenye boti yenyewe. Mstari wa ukingo wa juu, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), una nukta 21, moja kila mm 300, na kila nukta inaweza kuwa imekosea mm 2 hivi. Splaini (mstari laini uliopinda) ikipitishwa kwenye nukta zote, kwa mbali inapendeza, ila ukiisogelea inayumba kama nyoka. Njia ninazozipima ni tatu: kubaki na hiyo ya nukta, kuchora kwa vidhibiti (CV, nukta zinazouvuta mkunjo bila kupitiwa), au kuunga matao ya duara. Mwisho wa yote mataruma (mbavu za boti) yatakatwa kwa rauta ya CNC, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, kwenye plaiwudi ya mm 18. Mnashauri ipi, na kwa nini?

FundiTaruma
Mkuu, tatizo ni wingi wa nukta. Piga hesabu uone. Ukingo wa mita 6 uliobonyea mm 250 katikati una nusu kipenyo cha kama mita 18. Sasa nukta moja ikikosea mm 2 huku jirani zake wawili wako sawa, kosa hilo peke yake linazaa mkunjo wa nusu kipenyo cha mita 22.5. Yaani kosa lina nguvu karibu sawa na umbo lenyewe. Jirani nao wakikosea upande wa pili, basi panapotakiwa kubonyea panavimba. Programu haina hatia hapo, umeiambia ipite kila nukta na imepita.

Nenda na vidhibiti. Nukta zako 21 ziweke kwenye leya yake na uifunge. Toa amri SPLINE, chagua Method, kisha CV, daraja (kipeo cha juu cha fomula ya mkunjo) la 3. Weka vidhibiti 6 au 7, usizidishe. Cha kwanza kikae juu ya nukta ya omo na cha mwisho juu ya nukta ya tezi, maana mkunjo unavigusa hivyo viwili tu. Vya katikati vinauvuta bila kuguswa. Washa ortho (inayokubana wima au mlalo tu), sogeza kimoja kimoja, juu na chini tu. Ukianza kuvisogeza na pembeni pia utapoteza hesabu ya nani anavuta nini.

Kisha pima umbali wa kila nukta hadi kwenye mkunjo. Zote zikiwa ndani ya mm 2, acha. Moja ikitoka mm 6 wakati wenzake wako kwenye 1, hiyo ilipimwa vibaya. Rudi na futi kwenye boti, usiivute splaini kuifuata.

Na macho yako yawe kwenye poligoni ya vidhibiti (mistari inayoviunganisha) zaidi ya mkunjo. Poligoni ikipinda upande mmoja tu toka mwanzo hadi mwisho, mkunjo hauna namna ya kugeukia upande wa pili.

nodi_na_nukta
Napinga kidogo. Splaini ya nukta inasingiziwa mengi. Pale nukta zilipo za uhakika, mfano ukingo wa moldi iliyokwisha kutengenezwa au mchoro wenye vipimo kamili, vidhibiti vitakupotezea muda bure.

Wengi wanaharibu kwenye mpangilio wa nodi, yaani maungio ya vipande vya mkunjo. AutoCAD inakupa Chord, Square root na Uniform. Ukichagua Uniform halafu nukta zako hazina nafasi sawa, tuseme mm 600 kisha mm 40 kwenye kona ya omo, mkunjo unapewa "muda" uleule kwa vipande vyote viwili. Kwenye kile kirefu unakwenda mbio, unaingia kwenye kile kifupi na mbio hizo hizo, unapitiliza na kutokeza kibonge, wakati mwingine hata kitanzi. Square root ndiyo salama penye kona kali karibu na sehemu iliyonyooka. Kwa nukta za mm 300 kila mahali, tofauti ni ndogo sana.

Kwa kesi yako, kabla ya kuitupa hiyo splaini, ingia SPLINEDIT, Fit data, Delete, upunguze nukta kutoka 21 hadi 7. Pia kuna Tolerance: ukiandika 2, mkunjo unaruhusiwa kuachana na nukta kwa mm 2, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho.

Tahadhari moja. Kile kipembetatu kinachotokea ukiichagua splaini, cha kuhamia CV na kurudi Fit, si cha kuchezea. Ukitoka CV kwenda Fit, splaini inarudishwa daraja la 3. Kama ilikuwa ya 5, umbo linaweza kubadilika bila onyo lolote.

Kitana5
FundiTaruma kasema kweli, ila kwa ukingo wa boti mimi ni daraja la 5 na vidhibiti 6. Hapo mkunjo unakuwa kipande kimoja, hauna nodi ya ndani, kwa hiyo hakuna mahali pa kuungia ambapo mawimbi yanaweza kuzaliwa. Daraja la 3 na vidhibiti 6 ni vipande vitatu. Hasara ya la 5 ni kwamba ukigusa kidhibiti kimoja, mkunjo mzima unatikisika, kwa hiyo haifai mstari wenye kona ya ghafla.

Kuyumba kusipimwe kwa jicho. Rhino ina CurvatureGraph, na Sketcher ya FreeCAD inaonyesha kitana pia, yaani meno yanayosimama juu ya mkunjo kuonyesha ukali wake. Meno marefu ni penye mkunjo mkali. Meno yakirukia upande wa pili, mkunjo umegeuka hapo. Yakipanda na kushuka kama mawimbi, ondoa kidhibiti, usiongeze. Ila usikikuze kitana mpaka kila unywele uonekane, hutamaliza kazi.

Kwa AutoCAD kuna ujanja wa zamani: nakili mstari, ufanye bloku, uingize kwa X 0.1 na Y 1. Boti ya mita 6 inakuwa sentimita 60, na kila wimbi linajitokeza wazi.

Kumbuka hata jina splaini ni la ubao mwembamba uliopindwa sakafuni na kushikiliwa na vizito vya risasi, ambavyo Waingereza waliviita mabata. Vizito vingi, ubao unayumba. Ni yale yale.

rauta_mm18
Matao msiyatupe haraka. Kuchorea ukingo hayafai: kwenye maungio mwelekeo unalingana lakini ukali wa mkunjo unaruka, na faiba yenye rangi ya kung'aa itaonyesha mruko huo. Ila kwa kupeleka rauta, matao ni mazuri, kwani mashine nyingi hazielewi splaini.

Ikivunjwa kuwa mistari mifupi, kumbuka urefu wa mstari ni kipeuo cha pili cha 8 × nusu kipenyo × kosa unaloruhusu. Kwa kosa la mm 0.05 na nusu kipenyo cha mm 800, unapata karibu mm 18. Penye mm 60, mm 4.9. Mistari ikiwa mifupi kuliko hapo, rauta inasitasita na kuunguza mbao.

Weka PLINECONVERTMODE kuwa 1 upate matao badala ya mistari, kisha SPLINEDIT, Convert to polyline. Anza na usahihi wa 10, linganisha na splaini ya awali. Fanya kwenye nakala, splaini yenyewe ibaki.

Mchora_Boti
Shukrani wakuu. Daraja la 5 na vidhibiti 6 limekaa ndani ya mm 2 isipokuwa nukta ya 14. Swali la mwisho: boriti ya sitaha nachora nusu na kuigeuza kwa MIRROR, na katikati inatokea ncha.

FundiTaruma
Nukta ya 14 kapime upya. Kuhusu boriti, kidhibiti cha pili kutoka mstari wa katikati hakiko kimo kimoja na cha kwanza. Viwili hivyo lazima vifanye pembe ya nyuzi 90 na mstari wa katikati. Vilingane Y kamili, usikadirie kwa jicho, kisha geuza tena.