Flashi za studio za zamani: nizifufue, ninunue mpya za betri au nihamie LED?

StudioMoro
Wakuu, habari za jioni. Mjomba amestaafu na kuniachia studio yake ndogo hapa Morogoro. Ndani kuna flashi mbili za kuchomeka ukutani, Bowens Gemini 500R, stendi, softiboksi moja (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) na miavuli miwili ambayo weupe umekuwa njano. Zimekaa stoo kama miaka sita. Kamera yangu ni Nikon D750. Kazi zangu ni picha za pasipoti, mahafali, familia wakati wa sikukuu, na mara mojamoja bidhaa za wenye maduka.

Nina shilingi 1,200,000 tu ya kuanzia. Naona njia tatu: nizifufue hizi, niziuze ninunue flashi moja mpya ya betri, au ninunue taa za LED zinazowaka muda wote. Wengi hapa mtaani wananiambia LED ndiyo habari ya mjini. Naombeni mnilinganishie kwa uzoefu wenu.

FundiVolti
Mkuu, kabla ya kulinganisha chochote, usizichomeke leo ukapiga kwa nguvu kamili. Kapasita, yaani kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme wa mpigo, ikikaa miaka bila chaji, utando wake wa ndani hudhoofika, na ukiijaza ghafla inaweza kupasuka. Washa kwa nguvu ya chini kabisa, iache saa nzima bila kupiga. Halafu piga mara chache hapo hapo chini, panda hadi nusu, pumzika, kisha ndiyo uende kamili. Ukisikia harufu ya kuungua, zima. Usifungue boksi hata kama wewe ni mtundu wa vifaa: kapasita hubaki na mamia ya volti baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaua.

Jambo la pili ni volti ya kulipulia, ile inayorudi kwenye kamera kupitia waya. Kuna flashi za zamani zinazorudisha zaidi ya volti 200. Nikon kwenye vitabu vyake vya maelekezo inakataza kuweka zaidi ya volti 250 pale juu ya kamera, lakini kampuni nyingine zina kikomo cha chini zaidi. Chukua multimita, weka kwenye DC, taa ikiwa imejaa chaji gusa ncha ya jeki (plagi ya waya wa kulipulia) na shina lake. Andika namba uliyoipata utuletee hapa. Hata ikiwa ndogo, mimi bado ningetumia triga ya redio (kifaa cha kulipua taa bila waya), kamera isiunganishwe na taa kwa waya kabisa.

VideoNaPicha
Mimi niko upande wa LED, niseme wazi. Nina Godox SL60W mbili. Unachokiona ndicho unachokipata, mteja hashtuki, mtoto mchanga halii, na siku ukipata kazi ya video taa ni zile zile. Kwa picha za pasipoti zinatosha kabisa. Pia mtu anayejifunza huona kivuli cha pua kinavyosogea papo hapo, hakisii. Kwa mwanzo wa studio sioni sababu ya kuhangaika na vyuma vya zamani.

MzeeWaFilamu
Kijana wangu VideoNaPicha, kwa pasipoti nakubaliana nawe. Ila tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Flashi ya 500 inatoa jouli 500 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa mpigo mmoja, nguvu ikiwa kamili. LED ya wati 60, shata (pazia la kamera) ikifunguka kwa 1/125 ya sekunde, inakuwa imetumia 60 gawanya kwa 125, yaani kama nusu jouli. Tofauti ni mara elfu moja. Hata tukisema LED inageuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi mara mbili au tatu zaidi, bado flashi inaiacha mbali sana. Ndiyo maana mwenye LED analazimika kufungua tundu la lenzi sana, hadi f/2.8, na kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga); tundu likiwa kubwa, ukali hauendi mbali nyuma, hivyo familia ya watu nane walio katika mistari miwili, mstari wa nyuma unakosa ukali. Mtoto akitikisa kichwa, picha imetikisika.

Sasa sikiliza, StudioMoro. Miaka ya 1990 nilikuwa napiga kwa filamu ya ISO 100, na taa za 500 zilikuwa zinanitosha kwa shida. D750 yako kwa ISO 400 inatoa picha safi sana. Kutoka 100 kwenda 400 ni stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), ambayo ni mwanga mara nne. Kwa hiyo taa zile zile za mjomba, kwa kamera ya leo, zinafanya kazi ambayo zamani ingehitaji taa ya jouli 2000. Hazijazeeka kwa nguvu. Zimezeeka kwa tyubu (kioo kinachotoa mwanga), miavuli na namna ya kuzilipua, na hivyo vyote vinabadilishika.

Na umbali ni nguvu ya bure. Ukisogeza taa kutoka mita 2 hadi mita 1.4 umepata mwanga mara mbili. Ila kwa kundi fanya kinyume: taa ikiwa mita 1 kwa wa mbele na mita 2 kwa wa nyuma, wa nyuma anapungukiwa stopu mbili nzima. Irudishe ziwe mita 3 na mita 4, tofauti inakuwa chini ya stopu moja. Hapo ndipo zile jouli 500 zinapodai heshima yake.

DadaLenzi
Habari zenu. Mimi niko Mombasa na nilichagua ya betri, Godox AD600BM. Kazi yangu ni harusi za ufukweni, na saa nane mchana jua linawaka kiasi kwamba bila flashi yenye nguvu macho ya bibi harusi yanakuwa mashimo meusi. Kule ufukweni nitachomeka wapi? Betri ikijaa, kampuni inasema kama mipigo 500 ya nguvu kamili, na umeme ukikatika ukumbini mimi naendelea. Kwa anayetoka nje ya studio, hakuna ubishi.

Lakini kaka, kazi ulizotaja zote ni za ndani. Ningekuwa wewe ningefufua. Tena mdomo wa Bowens, yaani sehemu ya mbele ya kufungia softiboksi, ndio AD600BM inautumia pia, hivyo softiboksi utakayonunua leo utaihamisha siku ukiongeza ya betri. Bowens wenyewe walifunga mwaka 2017 ila mdomo wao umebaki, vifaa vyake viko tele.

Ongezea hili kutoka kwangu: kwa ngozi zetu usikimbilie kuongeza nguvu. Ngozi nyeusi inapendezeshwa na mng'ao mpana na laini juu ya shavu, na mng'ao huo unatokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga. Tafuta softiboksi kubwa ya sentimita 120, isogeze karibu, kisha ipindishe kidogo ili ukingo wa mwanga ndio umguse mteja, siyo kitovu chake. Upande wa pili simamisha bodi nyeupe la povu, lile la kupakia friji. Taa moja hapo inatosha.

Kisiwani
Nyongeza fupi kwa wanaotumiwa vifaa na ndugu walioko Marekani: soma kibandiko cha nyuma. Yangu ilikuwa ya volti 120 peke yake, nikaichomeka kwenye 230, ikafa siku hiyo hiyo. Iliniuma sana.

StudioMoro
Nashukuruni mno, hasa Mzee na Dada. Nimefuata maelekezo ya FundiVolti hatua kwa hatua. Zote mbili zimewaka. Multimita imesoma chini ya volti 10. Nimeagiza triga ya redio yenye jeki nene ya milimita 6.35, na leo nimeazima moja kwa jirani nikapiga familia ya dada yangu, watu sita: f/8, ISO 400, shata 1/125, taa mita 3. Wote wako wazi hadi kope.

Tatizo ni moja. Taa ya kushoto inatoa rangi ya joto kuliko ya kulia. Nimebadilishana miavuli, bado. Tyubu yake ina weusi kwenye ncha. Nibadilishe hiyo moja?

FundiVolti
Badilisha zote mbili kwa pamoja, la sivyo utakuwa na moja mpya na moja kuukuu na rangi zitagombana tena. Zima, chomoa, ziache zipoe, na usiguse kioo kwa vidole vitupu, shika kwa kitambaa safi. Kabla ya kulipa hakikisha ni tyubu ya Gemini 500 hasa. Na miavuli ile ya njano iache, hata ukiifua haitarudi.