Naomba ushauri: Yeremia 29:11 katika ibada ya kuwaombea watahiniwa wa kidato cha nne

Mwinjilisti wa Mtaa aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mchungaji wa usharika wetu wa Kilutheri amenipangia kuhubiri Jumapili ya kuwaombea vijana wanaokaribia mtihani wa kidato cha nne. Kamati ya vijana imekwisha kuchagua neno, nalo ni Yeremia 29:11, “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho,” na fulana zenye aya hiyo zimekwisha kuchapishwa. Nimepewa dakika 25. Kinachonisumbua ni kwamba kila ninapoandika, mahubiri yanageuka kuwa ahadi ya kufaulu, ilhali nikiisoma sura nzima naona maneno hayo yaliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, walioambiwa wangoje miaka 70. Je, andiko hili linaweza kuhubiriwa siku hiyo bila kulipotosha? Na je, vijana hawa watavumilia kusimuliwa habari za Babeli?

Katekista Mstaafu alijibu:

Mwinjilisti, tayari umeyaona yaliyo muhimu, usiogope kuyasema. Ningekushauri uanzie sura ya 28, kwa sababu bila kisa cha nabii Hanania, barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, ambayo ndiyo sura ya 29, haieleweki. Mfalme Yekonia na wakuu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mwaka 597 KK, na Hanania akasimama katika nyumba ya BWANA akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili watarudi wote pamoja na vyombo vya hekalu. Hayo ndiyo mahubiri ambayo kila mtu alitamani kuyasikia, na hata Yeremia mwenyewe alijibu, “Amina.” Jambo hilo huwa tunalipita haraka mno. Yeremia hakufurahia mateso ya watu wake; naye alitamani Hanania awe amesema kweli, lakini hakuweza kusema lile ambalo hakuwa ametumwa kulisema.

Ndipo ikaja barua, iliyopelekwa kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Watu wanaosubiri habari ya kurudi nyumbani wanaifungua na kukuta wakiambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji uleule uliowateka. Aya ya 11 inakuja baada ya hayo yote, na mara tu baada ya kutajwa ile miaka 70, kwa hiyo wazee wengi waliosomewa barua walijua kwamba watakaorudi ni watoto na wajukuu wao. Ukiisimulia hivyo, kama tukio, vijana watasikiliza. Wanaochosha ni wahubiri wanaotaja tarehe na majina ya wafalme bila kusema ni nani aliyekuwa akilia.

Mama wa Kwaya alijibu:

Ninakubaliana na Katekista, ila kwa tahadhari. Vijana hawa watakuja kanisani wakiwa na hofu, na wazazi wao wakiwa na hofu zaidi. Tafadhali usitumie dakika 20 kuwaeleza kwamba aya waliyoivaa kifuani haiwahusu. Mungu aliyewawazia mateka wa Babeli mawazo ya amani ndiye tunayemwabudu sisi, na tabia yake haikubadilika.

Hata hivyo, katika kwaya yetu wapo waliofanya mtihani huohuo mwaka jana, wakaombewa kwa aya hiyohiyo, kisha wakapata sifuri. Watakuwa wamekaa mbele yako. Kabla ya kupanda mimbarani, soma ulichoandika huku ukimfikiria mmoja wao, ujiulize kama kitakuwa bado kweli siku matokeo yatakapotangazwa. Kama si kweli kwa aliyefeli, hata aliyefaulu usimwambie.

Mwanafunzi wa Theolojia alijibu:

Kwa upande wa maandalizi, andika kwanza sentensi moja inayobeba mahubiri yote, kwa mfano: “Mungu hajawasahau watu wake hata mahali ambapo hawakuchagua kuwapo.” Kila aya, kisa au mfano usioitumikia sentensi hiyo uondolewe, hata kama ni mzuri. Ubaki ndani ya sura hiyohiyo. Aya ya 4 hadi ya 14 zinatosha. Halafu soma kwa sauti ukiwa na saa mezani, kwa kuwa dakika 25 za kwenye karatasi huwa 40 mimbarani, hasa waumini wakiitikia.

Kuhusu matumizi, amri ya kujenga na kupanda inakupa nafasi ya kusema waziwazi kwamba anayekwenda chuo cha ufundi cha VETA kujifunza useremala au ushonaji hajatupwa nje ya mawazo ya Mungu. Kanisani tunampongeza anayekwenda kidato cha tano, na huyu mwingine tunamwambia tu “pole”.

Mwinjilisti wa Mtaa aliandika:

Ninawashukuru sana. Nitaanza na Hanania, kisha barua, na nitaisoma aya ya 11 mara moja tu, karibu na mwisho. Limebaki swali moja: kamati inataka watahiniwa waitwe mbele ya madhabahu, waombewe kwa kuwekewa mikono. Niwaite wao peke yao?

Mama wa Kwaya alijibu:

Waite watahiniwa, kisha uwaite na wale wa mwaka jana. Zungumza nao mapema, faraghani, ili asiwepo atakayeshtukizwa mbele ya usharika. Asiyetaka kuja abaki kwenye kiti chake. Na sala yenyewe mwachie mzee wa kanisa ambaye hatahubiri upya.