MJADALA: Kompyuta impangie daktari wa dharura idadi ya vidonge vya maumivu?

Mleta mada:
Wakuu, niko idara ya dharura huku Marekani, mwaka wa sita sasa. Usiku wa manane analetwa mtu kateguka kifundo cha mguu. Daktari ana foleni. Anafungua kompyuta, pale kwenye oxycodone, dawa kali ya maumivu inayolevya, pameshajaa 20, anabofya, mgonjwa huyo kaenda. Vidonge vinne vinamezwa. Kumi na sita vinalala kabatini, na vijana wa nyumba hiyo wanalijua kabati.

Mimi nasema tuanze na hiyo namba. Chuo Kikuu cha Pennsylvania walijaribu katika idara zao mbili: kompyuta ikawa inapendekeza vidonge 10, daktari akiwa huru kubadilisha. Vyeti vya vidonge 10 vikaongezeka zaidi ya mara mbili. Bila semina wala barua ya onyo! Na wapo wasiohitaji hata kimoja: utafiti wa Bronx wa 2017, wagonjwa 416 wenye maumivu ya mkono au mguu, baada ya saa mbili waliopewa ibuprofeni na parasetamo maumivu yao hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika na ya waliopewa dawa za jamii ya afyuni, kama hiyo oxycodone.

Mama Sikoseli:
Mkibana, wa kwanza kubanwa ni mwanangu mwenye sikoseli. Akifika anataja mofini na dozi yake, maana anaijua, basi wanamtazama kama teja. Mwongozo wa madaktari wa damu wa Marekani wa 2020 unataka apate dawa ndani ya saa moja. Sisi tumewahi kukaa nne.

Nesi wa Zamu:
Mnagombania kupunguza! Huku kwetu mofini imo kwenye kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa kisheria, funguo anazo inchaji, na inchaji yuko nyumbani. Wa bodaboda, paja limevunjika, anachomwa diklofenaki. Uganda tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu mwenye ugonjwa mzito, wanaruhusiwa kuandika mofini. Sisi tunasubiri funguo.

Mleta mada:
Nesi, hilo lako ni kubwa kuliko langu, lifungulie uzi. Mama, pole sana. Ila namba yangu ni ya vidonge vya kwenda navyo nyumbani, haigusi sindano ya pale kitandani.

Mama Sikoseli:
Wewe unajua hivyo. Waandike hivyo basi kwenye kompyuta, sikoseli itajwe kwa jina. Isipotajwa, zamu ya usiku hawatauliza.