Siku ya sita ya dayati na njaa inanimaliza, mlioweza mliwezaje?

Mama_Cherehani (Moshi)

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana nimefika pabaya. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, miaka 36, watoto wawili, nina kilo 94 na urefu sentimita 160. Magoti yalinisumbua sana mwezi uliopita nikaenda kupima, daktari akasema presha imeanza kupanda na magoti yanalia sababu ya mzigo, dawa bado ila punguza uzito tuonane baada ya miezi mitatu. Nipunguzeje hakusema, nikatoka na karatasi tu.

Basi Jumatatu nikaanza. Asubuhi maji ya moto na limau, mchana matango mawili na karoti, usiku mayai mawili ya kuchemsha na apple moja, basi. Ugali, wali, ndizi vyote nimeacha, sukari nimeacha, na chai nimeacha kabisa wakati nilikuwa mtu wa vikombe vinne kwa siku. Kilo 3 zimeshuka, hapo nashukuru Mungu.

Lakini njaa jamani. Saa kumi jioni ndo kipimo chenyewe, mama wa kibanda cha pembeni ndo anaanza kusukuma chapati muda huo, nikisikia tu mafuta yanavyolia kwenye kikaango mikono inatetemeka, juzi nimekata gauni la mteja vibaya mkono mmoja ukatoka mfupi nikanunua kitambaa kingine kwa hela yangu. Kichwa kinagonga tangu siku ya pili. Na jana usiku ndo kimenifanya niandike hapa, nimeamka saa sita nikawasha tochi ya simu nikaenda jikoni nikafunua sufuria la wali waliobakisha watoto, nimekula kwa mkono nikiwa nimesimama mpaka ukoko nikaubandua na kijiko, nilivyomaliza nikakaa chini nikalia.

Afu Jumapili ijayo tunaenda Kibosho kwa mama mkwe, kule kuna mtori na machalari na mnajua wenyewe kukataa chakula cha mkwe maana yake nini. Swali langu ni moja, hii njaa huwa inaisha? Au ndo mtu anaishi nayo hivi hivi? Mlioweza mlikula nini?

---

Dereva_Ngaramtoni

Pole sana dada angu, hiyo ya sufuria usiku nimeisoma mara mbili maana ilishanikuta, mi ilikuwa kuku.

Mi naendesha hiace hapa Arusha, kukaa kwenye siti kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku, mchana chipsi mayai na soda, nikafika kilo 103. Mara ya kwanza nilianza kama wewe, parachichi na maji, siku nne za kwanza najiona mwanaume, siku ya tano nikaingia sehemu nikala chipsi kuku sahani mbili, kesho yake nikasema basi imeshaharibika nikala wiki nzima. Hiyo safari nilirudia mara tatu mwaka ule, na kila nikirudi narudi na kilo juu ya zile.

Kilichonisaidia ni makande. Wala sikutani. Mahindi na maharage, hayana mafuta mengi, mama watoto anapika sufuria kubwa mi nabeba kwenye hotipoti, bakuli moja saa sita na kabichi ya kutosha, linakaa tumboni mpaka saa kumi na moja jioni. Chipsi ile ile ya saa sita ilikuwa saa nane nshaanza kuangalia mihogo ya kukaanga pale stendi. Asubuhi mayai mawili na chai ya rangi. Soda niliacha siku moja na sikuirudia, hiyo ndo kitu pekee nilichoacha kabisa, vingine nilipunguza tu.

Njaa inaisha? Kwangu wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, baada ya hapo ikawa inakuja inabisha hodi inaondoka. Haiishi yote, sitakudanganya. Na mwezi wa sita na wa saba huku Arusha kwenye baridi inarudi kwa nguvu, mwili unataka kitu cha moto, hapo supu ya mboga ilinibeba. Miezi minane nimeshuka kilo 17, hesabu mwenyewe ni kama nusu kilo kwa wiki, sio kilo 3 kwa siku sita. Dada umejikata sana, hiyo sio dayati ni adhabu.

---

Binti_Sakina

Mi natofautiana kidogo na kaka hapo juu. Ukianza kula kula hutoki. Mi nilifanya siku tatu maji tu na kahawa chungu bila sukari, siku ya kwanza na ya pili unateseka kweli, siku ya tatu njaa inakata yenyewe unajisikia mwepesi. Dada kaza moyo umeshafika siku ya sita usirudi nyuma, ukisikia njaa kunywa maji lita moja ulale.

---

Nesi_wa_Lishe (Moshi)

Mama Cherehani pole, na asante kwa kuandika kila kitu wazi maana hivyo ndo mtu anaweza kukusaidia. Nafanya kazi na watu wa lishe hapa mjini, nitaandika kirefu mnisamehe.

Kwanza hesabu. Kwa uzito wako, urefu na umri, mwili wako ukilala tu kitandani siku nzima bila kushika hata sindano unatumia karibu kalori 1,600. Wewe na hayo matango, mayai mawili na apple hufiki hata 500, na unakanyaga cherehani siku nzima. Sasa mwili ufanyeje kama sio kukuamsha saa sita usiku? Wala usijilaumu na lile sufuria. Kuna utafiti ulifanyika Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 mpaka 1945, aliuongoza Ancel Keys. Walichukua vijana 36 wanaume wenye afya njema na waliojitolea wenyewe, wakapunguziwa chakula kwa miezi 6 wakawa wanapata kalori kama 1,600 kwa siku. Wale vijana walifika mahali wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, na wapo walioshindwa wakaenda kula kwa siri. Hao walikuwa na 1,600 mama. Wewe umejipa theluthi yake.

Pili kichwa. Vikombe vinne vya chai kila siku kwa miaka, afu umekata siku moja. Majani ya chai yana kafeini kama kahawa, ukiiacha ghafla kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku moja na kinaweza kuendelea wiki nzima. Kwa hiyo sehemu ya maumivu unayoita njaa naona ni chai. Rudisha chai yako, ondoa sukari tu, na kama sukari inakushinda toka vijiko vitatu njoo kimoja afu wiki ijayo umalizie.

Tatu saa kumi. Kuna homoni inaitwa grelini, Wajapani ndo waliigundua mwaka 1999, inatoka tumboni inaenda kuuambia ubongo njaa imefika. Hii kitu inafuata ratiba, inapanda kwa saa ulizozoea kula. Kama miaka yote saa kumi ulikuwa unakunywa chai na chapati ya jirani, itapanda saa kumi hata kama mchana umeshiba, na usipokula ikikaa kidogo inashuka yenyewe. Waliofunga Ramadhani wanaijua hii, siku za mwanzo saa za chakula zinapiga kengele tumboni, baadae kengele inazoea saa mpya. Ndo maana nakwambia usiiache saa kumi tupu, ipe kitu kingine, kiganja cha karanga au glasi ya mtindi usio na sukari, na ule kabla jirani hajawasha jiko. Ukisubiri mpaka harufu ifike umeshachelewa.

Halafu zile kilo 3. Sikukatishi tamaa ila nyingi ni maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja inakaa na maji kama gramu tatu, ukiacha ugali na wali ghafla ile akiba inaisha na maji yake yanatoka. Kwa hiyo ukianza kula vizuri mzani utapanda kilo moja hivi, usiogope, mafuta hayajarudi.

Chakula sasa. Kinachoshibisha ni protini, nyuzinyuzi na chakula chenye maji mengi, na hivi vyote viko sokoni hapo hapo. Asubuhi mayai yako mawili na kipande cha kiazi kitamu na chai. Mchana maharage, mboga ya mnafu au mchicha nusu nzima ya sahani, na ugali wa dona ukubwa wa ngumi yako, usiuache. Anza na mboga, kula taratibu, taarifa ya kushiba inachukua kama dakika 20 kufika kichwani na sisi wengi dakika 20 tumeshaongeza mara ya pili. Usiku supu ya mboga bakuli zima kwanza ndo ufuate dagaa au kipande cha samaki na kabichi. Mafuta ya kupikia pima na kijiko, usimimine kwa macho. Na ulale mapema, usingizi ukiwa mdogo njaa ya kesho inakuwa kubwa, hilo halina ubishi.

Binti Sakina mdogo wangu nakuelewa na nafurahi wewe hukupata shida, lakini mtu ana presha inayopanda na hatujui kama ana sukari, siku tatu za maji usimwambie. Anayetumia dawa za sukari akikaa na njaa sukari inaweza kushuka akaanguka. Mwenye vidonda vya tumbo na hiyo kahawa tupu ndo usiseme. Mjamzito na anayenyonyesha pia hapana. Mama, hunyonyeshi? Na sukari ulipimwa?

---

Mama_Cherehani (Moshi)

Nesi Mungu akubariki, nimesoma nikamsomea na mume wangu. Sinyonyeshi, wa mwisho ana miaka sita. Sukari walipima wakasema iko sawa. Kumbe kichwa ni chai!! Nimeweka maji jikoni sasa ivi.

---

Binti_Sakina

Sawa dada nesi nimeelewa, sikufikiria ya presha. Samahani Mama Cherehani. Na kusema ukweli zile kilo zangu zilirudi zote ndani ya mwezi, nilikuwa najiambia ni sababu ya sherehe.

---

Mama_wa_Machame

Mwanangu Mama Cherehani wameshakusaidia kwa tumbo mi nakuja na la mkwe, maana mi mwenyewe ni mkwe, nina wakamwana watatu.

Kwanza mpigie simu kabla ya Jumapili. Usifike ukakataa mezani mbele za watu, hapo ndo ubaya. Mwambie mama, daktari amenipima presha na magoti, ameniambia nipunguze kula, naomba unisaidie. Hilo neno unisaidie usiliache. Mkwe akishaombwa msaada atakuwa upande wako, tena atakulinda na mashemeji wanaosema mbona hauli.

La pili, nani anapakua kule? Si wewe mkamwana? Basi shika upawa wewe. Pakulia wazee vizuri, watoto, wanaume, ya kwako ndo iwe ya mwisho na we ndo unajua umeweka nini. Mtori bakuli dogo, una ndizi na nyama na umekolezwa siagi, bakuli dogo linatosha na linashibisha. Machalari vipande viwili vya ndizi na nyama na mboga za majani kwa wingi. Na usimalize haraka, kwetu sahani ikiwa tupu ndo inaongezwa, we ongea na mkwe huku unakula pole pole mpaka watu wananawa.

Mbege onja kwenye kata upokee heshima upitishe kwa mwenzio. Ile ni ndizi na ulezi, ni chakula kile sio kinywaji tu.

---

Mama_Cherehani (Moshi)

Wadau nimerudi, nimekaa kimya siku kumi nikasema nijaribu kwanza.

Kichwa kiliacha kesho yake tu baada ya chai, siku moja! Mzani ulipanda kama nesi alivyosema, kutoka 91 ukaja 92 na nusu, ningekuwa sijaambiwa ningelia tena, leo asubuhi 91 na pointi 8. Mchana nakula maharage na mnafu na ngumi yangu ya dona na nashona mpaka jioni bila kutetemeka, lile gauni nimelimaliza mteja amelichukua. Saa kumi kasorobo nakunywa mtindi wangu, njaa bado inakuja muda ule ule lakini imekuwa ndogo, harufu ya chapati naisikia naendelea na kazi. Jirani mwenyewe nilimweleza, akaniambia mbona hukusema, sasa chapati zangu mbili alizokuwa ananiwekea kila siku hawekei tena. Usiku nimeamka mara moja tu, nikanywa supu iliyobaki nikarudi kulala.

Kibosho nilipiga simu kwanza kama mama wa Machame alivyoniambia. Mama mkwe akanyamaza kidogo afu akasema kumbe na mimi magoti yananiuma nilikuwa sisemi. Nimefika kanikalisha karibu yake, upawa nikashika mimi, shemeji mmoja akaanza maneno mama akamjibu kwa Kichaga akanyamaza. Tumeondoka kanifungia mnafu wa shambani kwake mfuko mzima.

Kinachonishinda sahivi ni wikiendi watoto wakiwa nyumbani, nakuta nimemalizia sahani zao nikiwa naosha vyombo, hata sijijui. Hapo mnafanyaje?

---

Dereva_Ngaramtoni

Safi sana dada, hongera kwa kweli. Sahani za watoto hata kwangu zilikuwa shida, tulifanya hivi, tunawapakulia kidogo wakitaka wanaongeza, na kinachobaki wanamwaga wenyewe kwenye ndoo ya kuku kabla sahani haijafika kwenye karai. Na mzani usipande kila siku, mi napanda Ijumaa asubuhi tu kabla ya chai.