Tulilipia siku tatu Zanzibar tukapewa masaa matano, sasa nafelishwa kwa sababu nimechora baraza!

Wakuu habari zenu. Nimejaribu kulimeza hili wiki nzima, limegoma kushuka. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo mwaka wa tatu. Chuo sikitaji kwa sababu cheti changu bado wanacho wao. Wahusika wakipita humu watajijua.

Mwanzo wa muhula kila mmoja alitozwa 180,000 za ziara ya mafunzo. Ratiba tuliyosainishwa ilisema siku tatu Mji Mkongwe: siku ya kwanza kutembea na kuchora kwa mkono, mbili zinazobaki kupima nyumba kwa makundi na kurudi na michoro kamili. Bumu la mkopo wa chuo lilikuwa halijaingia, tukakopa. Kuna mwenzetu aliuza simu yake.

Kilichotokea sasa. Boti ya saa moja asubuhi, saa tatu tumeshuka bandarini, lisaa limepotea kuhesabiana. Matembezi mpaka saa sita, chakula, picha ya pamoja Forodhani, na saa tisa tunafukuzwa kurudi kwenye boti. Siku hiyohiyo! Futi kamba niliyoinunua kwa ajili ya safari ile haikutoka kwenye begi. Beit al-Ajaib tuliiona kwa nje, dakika kumi. Tukaambiwa aliijenga Sultan Barghash mwaka 1883, basi, twendeni. Jamani, sehemu ya jengo lile iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Hilo ndilo lilikuwa somo letu! Maji yaliingilia wapi? Nani alitakiwa kuziona nyufa, na lini? Niliuliza, nikaambiwa tutaongea darasani. Mpaka leo hatujaongea.

Nikarudi mwenyewe, kwa hela yangu ya kula. Nililala siku nne kwa mama mdogo Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Kila asubuhi natembea mpaka Mji Mkongwe na futi kamba yangu. Mzee mmoja, fundi wa chokaa, alinikaribisha kwenye nyumba aliyokuwa anaikarabati, na pale ndipo nilipojua kwamba miaka miwili na nusu sijafundishwa ukuta ni nini.

Ukuta ule una unene wa sentimita 58, mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba kina upana wa mita 2.7 tu, kirefu kama korido. Nikamuuliza mzee kwa nini wamejibana hivi, akanionyesha juu: boriti za mikoko. Upana wa chumba umeamuliwa na boriti, maana mkoko una urefu wake, ukiulazimisha zaidi ya hapo unapinda. Halafu akanipeleka ukuta wa nyuma, ambako kuna mtu aliwahi kupiga plasta ya sementi juu ya chokaa. Akagonga kwa kidole, plasta ikalia kama debe tupu. Akabandua kipande kikubwa kama sahani, na nyuma yake jiwe limelowa, linapukutika kwenye kiganja kama sukari guru. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu unapumua. Sementi imeuziba pua." Kwa maneno yale nilielewa suala la unyevu kuliko kwa muhula mzima wa madesa.

Kazi yetu ya studio ilikuwa maktaba ya kata, kiwanja kipo Mbagala, upande mrefu unatazama magharibi. Nikaweka uwanja wa ndani ili upepo upite. Upande wa barabara nikaweka baraza, mtu akae kivulini hata kama hajaja kusoma. Upande wa magharibi nikaweka ukuta mnene usio na dirisha, kwa ndani una madaka, yaani vishubaka vya ukutani, ya kupangia vitabu, hivyo jua la saa kumi linaishia kwenye ukuta. Nilikesha siku tatu nikikata kadibodi ya modeli, na kuprinti tu kulinimaliza.

Siku ya kutetea kazi mbele ya jopo la walimu sikumaliza hata dakika tano. "Hili jengo la kijijini." "Kioo kiko wapi?" "Angalia Dubai wanavyojenga." Nikataja soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, la miaka ya 1970, paa la zege kama miavuli iliyogeuzwa, linakinga mvua na kuishusha kwenye tangi chini ya ardhi. Nikajibiwa mifano ya zamani haihusiki. Marudio! Na aliyeongoza ameweka kioo kitupu magharibi, sakafu mpaka dari, Mbagala, ambako umeme ukikatika kiyoyozi nacho kwisha. Yule kijana simlaumu, alifanya alichoambiwa.

Lakini hiyo Dubai waliyonipiga nayo wanaijua? Nendeni mkaangalie nyumba za zamani za mtaa wa Al Fahidi: kuta za matumbawe, uwanja katikati, na minara ya kukamata upepo. Na boriti za mikoko kwa nyumba za Ghuba zilitoka wapi? Rufiji na Lamu! Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi yamesheheni boriti zetu. Mafundi wa kule wakapima vyumba vyao kwa mti wa huku. Na Rufiji si mbali na Mbagala, ni barabara hiyohiyo ya Kilwa unayoifuata kwenda kusini. Mwalimu wa usanifu, Dar es Salaam hii, hajui hilo, na kalamu nyekundu anayo yeye!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tungepewa zile siku tatu, darasa zima lingeshika ule ukuta. Watu arobaini tungekuja studio na vipimo, na hakuna ambaye angethubutu kuuliza kioo kiko wapi.

Madai yangu ni mawili. Hesabu ya ile 180,000 kwa kila kichwa, pamoja na malazi ambayo hatukulala. Na kazi yangu isahihishwe na mtu mwingine kutoka nje ya jopo lile. Barua nimepeleka idarani Jumatatu, imepigwa mhuri, nakala ninayo.

Marudio ni wiki ijayo, nimeambiwa nije na "sura mpya". Jana usiku nimechora upya mkato wa ukuta wa magharibi kwa skeli ya 1:20, daka kwa daka, na pembe ya jua ya saa tisa, saa kumi na saa kumi na moja. Ukuta haubadiliki.

Mliokuwa kwenye boti ile, risiti msizitupe. Pigeni picha mnitumie PM kabla ya Ijumaa.